Nimelipa Ili Nichoke

Chupa ya mlonge, hapa Sheffield, pauni kumi na nne.
Nimeigeuza mara tatu nikitafuta kosa la bei.
Mlonge! Ule uliokuwa ua wetu kule Pongwe,
kuku wakilala juu yake, mbuzi wakiuguguna,
na sisi tukichuma majani mwisho wa mwezi
mboga nyingine zilipotukimbia.
Hapa umesagwa, umefungiwa kwenye vidonge,
umeandikiwa kwa wino wa dhahabu: Nguvu ya Kudumu.
Nikaurudisha rafuni, taratibu,
kama mtu aliyemkuta binamu yake kavaa suti
asijue amwamkie vipi.

Nikanunua bitiruti.

Denise Hallam wa ghorofa ya juu, dereva wa tramu,
mwenzangu wa mbio, ndiye aliyeniapia:
glasi moja kila asubuhi, wiki nzima,
na moyo hautagombana tena na mlima.
Nilikunywa. Udongo uliotiwa sukari.
Siku ya pili, chooni, nikapiga yowe:
mkojo mwekundu kama maji ya rozela!
Wosia ulikuwa umefika nusu
Denise aliposhuka kunieleza,
akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumapili, miamba ya Stanage, maili kumi na nane.
Mvua ya huku hainyeshi; inakuja ubavuni, kama mdai.
Mfukoni tende tano, kipande cha tangawizi,
chumvi nimeifunga kwenye karatasi.
Tende ya kwanza niliila kwa adabu.
Ya pili kwa haja.
Ya tatu na ya nne sijui zilipita wapi.
Maili ya kumi na nne miguu ikajiuzulu,
bila notisi, bila barua.
Nikasimama katikati ya kondoo
wakanitazama kama makarani wa benki.
Nikalamba chumvi kiganjani.
Nikala tende ya tano na kokwa nikaiweka shavuni,
nikaizungusha, nikaizungusha,
hadi mstari wa mwisho, bado imo mdomoni.

Jioni. Miguu juu ukutani,
glasi ya maji ya cheri chachu, kikombe cha maziwa na manjano,
pilipili manga punje tatu, simu sikioni.

"Umekimbia wapi kote huko?"
"Milimani."
"Nani alikuwa anakufukuza?"
"Hakuna."
"Basi wamekulipa."
"Mimi ndiye niliyelipa, Zuwena."

Kimya. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini, upande wa pili.
Dada yangu amelima tangu alfajiri.
Hajui habari za kurudisha mwili baada ya kazi:
mwili wake haurudi
kwa sababu haujawahi kupewa ruhusa ya kwenda.

"Umelipa ili uchoke," akasema,
wala si kwa dhihaka,
kama mtoto anayerudia hesabu ubaoni.
Kisha: "Unga umefika?"

Umefika. Kilo mbili za ulezi
ndani ya kipande cha kanga kuukuu;
forodha wameufumua mshono
wakaufunga kwa utepe wao wa njano.
Nimeukoroga uji, nimeukamulia ndimu.
Denise ameshuka ngazi kinyumenyume, anashika ukuta,
mapaja yamekuwa mbao.
Bakuli la kwanza nilimpa. La pili amejichotea.

"Chapa gani hii?"
"Zuwena."
Anatafuta kalamu, anaandika mgongoni mwa mkono.
"Inaanza na S au Z?"

Saa tatu usiku zamu yangu inaanza, dobi ya hospitali,
mashuka ya watu wanaolala.
Usingizi, hicho kirutubisho ambacho sijakiona rafuni,
nimeuahirisha hadi Jumanne.
Nakwangua sufuria. Ukoko ni wangu.